Seymour Cray na Rekodi za Waya Mfupi

Kuanzia mwaka 1964 hadi kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, aliyeuliza kompyuta gani duniani ina kasi kuliko zote angetajiwa, kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho, mashine iliyobuniwa na mtu yuleyule: Seymour Cray. Hakuwa mtu wa New York wala California. Alizaliwa tarehe 28 Septemba 1925 huko Chippewa Falls, Wisconsin, mji mdogo wa kaskazini mwa Marekani uliojulikana zaidi kwa kiwanda chake cha bia, na mashine zilizompa jina alizitengenezea hukohuko.

Rekodi zake ni nyingi, na si zote za kujivunia. Ukizitazama moja baada ya nyingine, utaona kwamba kasi aliipata kwa kupunguza. Alipunguza watu, akapunguza aina za vipuri, na zaidi ya yote akapunguza urefu wa waya. Na pale alipopunguza kupita kiasi ndipo mambo yalipomwendea kombo.

Kikosi kidogo kuliko vyote

Agosti 1963 kampuni ya Control Data, iliyokuwa na umri wa miaka sita tu, ilitangaza kompyuta iitwayo 6600. IBM, jabali la biashara hiyo, ilikuwa imetumia miaka kadhaa na mamilioni ya dola kuunda mashine yake ya Stretch. Kitoto hiki kikaizidi Stretch kwa takriban mara tatu.

Tarehe 28 Agosti mkuu wa IBM, Thomas Watson Mdogo, aliwaandikia wasaidizi wake waraka wa ndani ambao hadi leo watu wa fani hiyo huusoma kwa kicheko. Alikuwa ameambiwa kwamba maabara iliyounda 6600 ina watu 34, mfagiaji akiwa mmoja wao. Wahandisi walikuwa 14, waandishi wa programu 4, na mwenye shahada ya uzamivu alikuwa mmoja tu, tena kijana wa ngazi ya chini. Watson alitaka kuelezwa imekuwaje kampuni yenye jeshi zima la wataalamu ipitwe na watu wa kujaa basi moja. Inasimuliwa kwamba maneno hayo yalipomfikia Cray, alisema Bwana Watson amekwisha kulijibu swali lake mwenyewe.

Uchache huo haukutokana na umaskini, maana Cray mwenyewe ndiye aliyeutaka. Mikutano ilimchosha, na wakubwa waliopita kuuliza kazi imefika wapi walimchosha zaidi. Mwaka 1962 alimshawishi bosi wake, William Norris, amjengee maabara Chippewa Falls, karibu kabisa na nyumba yake na zaidi ya kilomita 100 kutoka makao makuu ya Minneapolis. Norris alikubali. Kwa maoni yangu, huo ndio uamuzi wa faida kubwa kuliko wote aliowahi kuufanya Norris, ingawa kwenye vitabu vya hesabu ulionekana kama gharama ya jengo tu.

Ndani ya 6600 mlikuwa na transista za silikoni zipatazo 400,000. Moyo wake ulipiga mara milioni 10 kwa sekunde. Lakini mapigo hayo peke yake hayaelezi kasi yake. Cray na mwenzake James Thornton waligawa kazi. Prosesa kuu ilipewa vitengo kumi, kimoja cha kujumlisha, viwili vya kuzidisha, kingine cha kugawanya, na kadhalika, na vyote viliweza kufanya kazi kwa wakati mmoja. Shughuli za kusoma kadi, kuzungusha kanda na kuchapa majibu ziliachiwa kompyuta ndogo kumi zilizoizunguka, ili ile kubwa isipoteze muda kusubiri printa. Matokeo yake yalikuwa takriban hesabu milioni 3 kwa sekunde, kwa bei ya dola milioni 7 hivi, na mashine kama 100 ziliuzwa. Ya kwanza ilikwenda maabara ya silaha za nyuklia ya Livermore huko California. Mwaka 1965 nyingine ilivuka bahari hadi CERN, Uswisi, kuchambua picha za chembe za atomu zilizogongana.

IBM ilijibu kwa namna yake. Ilitangaza mashine kubwa zaidi ambayo bado ilikuwa kwenye makaratasi, na wateja wakaanza kusitasita kununua 6600. Control Data ikaenda mahakamani Desemba 1968. Kesi iliishia kwa makubaliano mwaka 1973, na miongoni mwa vitu ambavyo IBM ilivitoa ni kampuni yake tanzu ya huduma za kompyuta.

Mtoto wa mhandisi wa mji

Baba yake alikuwa mhandisi wa ujenzi. Seymour alipokuwa na miaka kumi, alichukua vyuma vya kuchezea vya kuunganisha kwa skrubu akatengeneza kifaa kinachosoma matundu kwenye utepe wa karatasi na kuyageuza kuwa milio ya msimbo wa Morse. Vita Kuu ya Pili ilimchukua akawa fundi wa redio Ulaya, kisha akapelekwa Ufilipino kusaidia kufumbua ujumbe wa siri wa Wajapani. Alipata shahada ya pili ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1951, akaajiriwa na kampuni ya ERA mjini St. Paul, iliyofanyia kazi kwenye jengo lililokuwa kiwanda cha ndege zisizo na injini.

ERA ilinunuliwa, mnunuzi naye akaungana na wengine, na kadiri kampuni ilivyonenepa ndivyo Norris na wenzake walivyozidi kukosa raha. Mwaka 1957 wakatoka wakaanzisha Control Data, na Cray akawafuata punde. Mashine yake ya kwanza pale iliitwa 1604, na ya kwanza kuuzwa ilikabidhiwa chuo cha jeshi la majini cha Monterey Januari 1960. Ilikuwa miongoni mwa kompyuta za mwanzo kabisa za biashara kutumia transista tupu, bila taa za kioo zilizokuwa zikiungua kila mara. Kuhusu jina hilo kuna masimulizi matamu. Ofisi za kampuni zilikuwa namba 501, Park Avenue, na kompyuta ambayo Cray alikuwa ameishughulikia kabla ya hapo iliitwa 1103. Jumlisha.

Mpango mfupi kuliko yote

Makao makuu yalimtaka kila mwaka aandike mpango wa miaka mitano na taarifa ya maendeleo. Inaelezwa kwamba alijibu kwa mistari miwili. Lengo la miaka mitano: kujenga kompyuta kubwa kuliko zote duniani. Lengo la mwaka mmoja: kutimiza moja ya tano ya hilo.

Kochi ghali kuliko yote duniani

Mashine ya 7600 ilitoka mwaka 1969 na kuipita 6600 kwa mara kumi hivi, ikavaa taji. Kisha ikaja 8600, ambayo haikufika popote. Vipuri vilisongamana mno ndani ya moduli zake, na kila moja ilipotengenezwa kulikuwa na kitu kimekatika mahali fulani. Cray alitaka kuanza upya, Norris hakuwa na fedha za kuanzia, na mwaka 1972 wakaachana. Waliachana kwa heri, maana kampuni mpya ya Cray Research ilipoanza, hata Control Data iliweka fedha ndani yake.

Cray-1 ilipelekwa maabara ya Los Alamos, New Mexico, mwaka 1976, kwa majaribio ya miezi sita. Ukiitazama kwa juu ina umbo la herufi C: nguzo kumi na mbili zimesimama kwa duara lisilokamilika, na chini yake, kuizunguka pande zote, kuna benchi la mto uliovikwa ngozi bandia. Watu walikaa pale kweli. Wengine waliliita kochi ghali kuliko yote duniani, na mzaha huo haukuwa mbali na ukweli: mwaka 1977 kituo cha utafiti wa anga cha NCAR, mjini Boulder, Colorado, kililipa dola milioni 8.86 kupata ya kwake. Ndani ya benchi ndimo zilimowekwa transfoma na vifaa vingine vya kulisha umeme, kwa hiyo aliyekaa alikuwa amekalia kilowati 115.

Umbo hilo la C halikuwa pambo. Mashine ilipiga pigo moja kila nanosekunde 12.5. Kwa muda huo mwanga wenyewe, ukiwa hauna kizuizi chochote, husafiri mita 3.75 tu, na umeme ndani ya waya huwa mzito zaidi. Waya ukiwa mrefu, jibu linachelewa, na prosesa yote inabaki imeduwaa. Cray akaamua kwamba hakuna waya utakaozidi futi nne, yaani kama mita 1.2. Akapanga moduli zote zielekeze migongo yao katikati ya duara, ili kutoka moduli yoyote kwenda nyingine safari iwe fupi.

Mashine nyingi hupendeza nje kuliko ndani, lakini Cray-1 inapendeza zaidi ukipita kwenye uwazi wa ile C na kugeuka kutazama nyuma ya nguzo. Ni msitu wa nyaya, jozi kwa jozi zilizosokotwa, makumi ya kilomita ukiziunganisha zote, na kila mmoja umechomekwa kwa mkono. Waliozichomeka walikuwa mafundi wa Chippewa Falls na vijiji vya jirani, wengi wao wanawake, na kazi hiyo ilichukua miezi. Hakukuwa na ruhusa ya kukata waya kwa makadirio, kwa sababu urefu wake ndio ulioamua ishara ifike lini. Ishara mbili zinazotakiwa kukutana mahali pamoja ziliwekewa nyaya zilizopimwa ili zifike pamoja. Mtu akiniuliza ni nani waliojenga kompyuta ya kasi kuliko zote ya mwaka 1976, nitamtaja Cray, lakini nitawataja na akina mama hao, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye brosha yoyote.

Kwa vipuri alikuwa bahili hivyohivyo. Prosesa na kumbukumbu yote ilitumia aina nne tu za chipu, mbili za mantiki na mbili za kutunza data. Wengine walikuwa wakikimbilia chipu mpya zenye mambo mengi ndani. Yeye alichukua zile sahili, zilizokwisha kuzoeleka viwandani, akazitumia kwa maelfu. Saketi alizichora kwa penseli kwenye karatasi za miraba, mlinganyo baada ya mlinganyo.

Siri ya hesabu zake ilikuwa katika kushughulikia namba kwa mafungu. Kompyuta ya kawaida huambiwa: chukua namba hii, ile, zijumlishe, weka pale, halafu huambiwa tena. Cray-1 iliagizwa mara moja, nayo ikapitisha safu ya namba hadi 64 mfululizo. Control Data walikuwa wamejaribu wazo hilohilo katika mashine yao ya STAR-100, lakini ikawa na kasi kwenye safu ndefu tu na kuchechemea kwenye hesabu za kawaida. Cray alihakikisha yake inakimbia kwenye zote mbili. Kwa upeo wake ilifikia hesabu milioni 160 kwa sekunde, ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 8. Simu ya bei nafuu ya leo inaipita kwa mbali sana, ila haikaliki.

Adui aliyebaki alikuwa joto. Cray mwenyewe alikiri kwamba tatizo kubwa la ujenzi wa kompyuta za namna yake ni kupoza, na mtu aliyebeba mzigo huo aliitwa Dean Roush. Gesi ya friji ilipitishwa kwenye bomba za chuma cha pua zilizozama ndani ya nguzo za alumini. Chuma cha pua na alumini havielewani kwa urahisi kwenye uchomeleaji. Mwanzoni bomba zilivuja, na pamoja na gesi yakatoka mafuta ya kulainisha yaliyofunika bodi na kuleta shoti. Ilibidi watafute njia mpya ya kuchomelea kabla ya mashine yenye uzito wa karibu tani 5 kuweza kuuzwa.

Kampuni ilitarajia kuuza mashine kama kumi na mbili. Iliuza zaidi ya 80. Moja ilifungwa Reading, Uingereza, kwa ajili ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ambacho Agosti 1979 kilianza kutoa rasmi utabiri wa siku za kati. Mahesabu yale yalifunika dunia nzima, pepo za Bahari ya Hindi zikiwemo, kwa sababu hali ya hewa ya London wiki ijayo huanza kutengenezwa mbali sana na London.

Mashine ya kwanza kurushiwa mawe kutoka angani

Rekodi hii haikujulikana hadi miaka mingi baadaye. Wakati wa majaribio ya Los Alamos, Cray-1 namba moja iliripoti makosa 152 ya kumbukumbu. Sifuri ilikuwa inageuka moja, au moja sifuri, bila mtu kugusa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa hesabu ya makosa hayo inalingana na kile ambacho kingetarajiwa kutokana na nyutroni zinazozaliwa miale ya anga za juu inapogonga hewa yetu. Los Alamos iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo nyutroni hizo zinavyoongezeka. Ndiyo maana Cray-1 hutajwa kuwa kompyuta ya kwanza ambayo kumbukumbu zake zinaonyesha kuathirika hivyo ikiwa ardhini, wala si kwenye chombo cha angani.

Cray alikuwa na historia na jambo hili. Katika 6600 hakuweka kabisa mfumo wa kukagua makosa ya kumbukumbu, na inasimuliwa kwamba alipoulizwa alisema kwa dharau kuwa hayo ni mambo ya wakulima. Mashine iliyofuata, 7600, ilikuja na ukaguzi. Alipokumbushwa maneno yake, alisema amegundua kwamba wakulima wengi hununua kompyuta. Baada ya Los Alamos, Cray-1 zilizofuata hazikuishia kugundua kosa. Zilipewa uwezo wa kulisahihisha.

Rekodi iliyobeba jina lake lakini si yake

Cray X-MP, iliyotangazwa mwaka 1982, ilikuwa na prosesa mbili na baadaye nne, ikatwaa taji la kasi kwa miaka kadhaa. Aliyeiongoza ni Steve Chen. Apple waliinunua moja, na masimulizi yanasema Cray alipopata habari kwamba wanabunia Macintosh kwa Cray, alijibu kuwa yeye Cray yake anaibunia kwa Macintosh. Wakati Chen akifanya hayo, mwenye jina alikuwa kajifungia akipambana na mashine nyingine, na ilimchukua muda mrefu kuliko alivyotarajia.

Kompyuta iliyoishi majini

Mashine hiyo nyingine ni Cray-2, ya mwaka 1985. Safari hii bodi zilipangwa nane nane kwa kulaliana, zikaunganishwa kwa juu na kwa chini, na joto lililokusanyika katikati halikuweza kutolewa na bomba lolote. Wakajaribu njia moja baada ya nyingine. Mwishowe waliizamisha kompyuta nzima ndani ya kimiminika kiitwacho Fluorinert, ambacho hakipitishi umeme na hakiunguzi kitu. Vimiminika vya jamii hiyo vilikuwa vikijaribiwa na madaktari kama mbadala wa damu.

Wageni walisimama mbele ya vioo wakitazama saketi zilizolowa zikifanya kazi, na kando yake mnara ambamo kimiminika kilichopashwa joto kilitiririka na kutoa mapovu. Mashine ikapata jina la utani kutokana na mapovu hayo. Ilikuwa na prosesa nne, na kwa upeo wake ilifanya hesabu bilioni 1.9 kwa sekunde. Kumbukumbu yake ilikuwa gigabaiti 2, kiasi ambacho kwa mwaka 1985 kilionekana kama kichekesho. Hapo nakiri upendeleo: kati ya mashine zake zote, hii ndiyo ninayoipenda. Si kwamba haikuwa na kasoro. Kumbukumbu ile kubwa ilichelewa kujibu, na kwa kazi nyingi X-MP ya Chen iliweza kwenda nayo sambamba au kuipita. Lakini kuna ujeuri wa aina yake katika kuitumbukiza mashine ya mamilioni ya dola kwenye tangi na kusema, haya, washa.

Hasara

Baada ya Cray-2 aliamua kuachana na silikoni. Cray-3 ingetumia chipu za galiamu arsenaidi, ambazo zinageuka haraka zaidi, na moyo wake ungepiga mara milioni 500 kwa sekunde. Mwaka 1988 mradi ulihamia Colorado Springs. Mwaka uliofuata Cray Research ikaona haiwezi kulisha miradi miwili mikubwa kwa pamoja, ule wa Cray na ule wa kikosi kilichoendeleza ukoo wa X-MP. Mwanzilishi akapewa kampuni yake, Cray Computer Corporation, akaondoka na mradi wake.

Moduli moja ya Cray-3 ilikuwa bamba la sentimita 10 kwa 10, nene kama penseli, likiwa na mamia ya chipu zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na maelfu ya pini nyembamba zikipita wima kuziunganisha. Mkono wa binadamu haukuweza tena. Zilihitajika roboti, na roboti zenyewe ilibidi kwanza zibuniwe. Waya ulikuwa umefupishwa mpaka hakuna fundi aliyeweza kuuona vizuri. Livermore, waliokuwa wameagiza mashine ya kwanza, walivunja oda mwishoni mwa 1991. Mashine moja ilifungwa NCAR mwaka 1993. Hakuna iliyofuata sokoni. Machi 1995, baada ya kutumika takriban dola milioni 300, kampuni ilitangaza kufilisika, huku Cray-4 ikiwa mezani na lengo la kupiga mara bilioni moja kwa sekunde.

Nimesoma watu wakisema alishindwa kwa sababu Vita Baridi vilikwisha na serikali ikaacha kununua. Hilo lilichangia. Lakini Cray-2 ilichelewa, na 8600 ilikufa, wakati vita hivyo vikiwa vimepamba moto. Alipoanza na chipu zilizozoeleka akaumiza kichwa kwenye waya na joto, alishinda. Alipobadilisha chipu, bodi, viungo na kiwanda kwa mpigo mmoja, hakubaki na kitu kimoja cha kushikilia.

Handaki

Jambo linalotajwa kila anapotajwa Cray ni handaki. Chini ya nyumba yake Chippewa Falls alichimba njia, kwa mkono, akizishikilia kuta zake kwa mbao za mwerezi. John Rollwagen, aliyeiongoza Cray Research kwa miaka mingi, alisimulia jinsi Cray alivyomweleza mgeni mmoja kwamba akikwama kwenye usanifu hushuka kuchimba, na akiwa huko vibwengo humjia na majibu. Siku moja mti ulididimia kwenye paa la handaki, naye akalitumia tundu hilo kuweka kioo cha kuchungulia nje. Sina sababu ya kuamini vibwengo. Kuchimba naamini, kwa sababu ni kazi isiyohitaji mkutano.

Maksai na kuku

Miaka ya 1980 watu walianza kumwambia kwamba zama za prosesa moja yenye nguvu zimekwisha: badala ya kuijenga hiyo, unganisha chipu za bei nafuu mamia kwa maelfu. Jibu linalohusishwa naye ni swali. Ukitaka kulima shamba, utachukua maksai wawili wenye nguvu au kuku 1,024?

Kwa muda maksai walilima vizuri, na rekodi moja inaonyesha hilo kuliko zote: ile ya namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana. Mwaka 1978 wanafunzi wawili wa sekondari huko California waliivunja kwa kutumia Cyber 174, kompyuta ya ukoo wa 6600. Mwaka uliofuata David Slowinski wa Cray Research na Harry Nelson wa Livermore wakaichukua kwa Cray-1, namba yenye tarakimu 13,395. Toka hapo, ukiacha kipindi kifupi kuanzia 1989 ambapo kikosi kingine kilipenya na mashine ya Amdahl, taji lilihama kutoka Cray moja kwenda Cray nyingine. Programu ya kusaka namba tasa ilikuwa kipimo kizuri cha mashine mpya kabla haijakabidhiwa kwa mteja: huichosha kwa saa nyingi, na kosa dogo mahali popote huharibu jibu zima. Tarehe 3 Septemba 1996 ilitangazwa namba yenye tarakimu 378,632, iliyopatikana kwa Cray T94.

Wakati huo Seymour Cray alikuwa ameanzisha kampuni nyingine, SRC, na safari hii alikuwa akifikiria mashine ya prosesa nyingi. Alikuwa na miaka 70, anaanza kufuga kuku. Tarehe 22 Septemba gari lake lilipata ajali kwenye barabara kuu karibu na Colorado Springs. Alifariki tarehe 5 Oktoba 1996, wiki moja baada ya kutimiza miaka 71.

Novemba 13 mwaka huohuo rekodi ya namba tasa ilivunjwa na kompyuta ya mezani yenye chipu ya Pentium, huko Ufaransa, mojawapo ya mamia zilizokuwa zikigawana kazi hiyo kwa kujitolea kupitia intaneti. Toka siku hiyo haijarudi kwa mashine ya Cray. Desemba, mashine ya Intel iitwayo ASCI Red, iliyosheheni maelfu ya Pentium Pro, ikawa ya kwanza kufikisha hesabu trilioni moja kwa sekunde. Na Mei 2022, kwenye maabara ya Oak Ridge, Tennessee, Frontier ikawa ya kwanza kwenye orodha rasmi ya kompyuta zenye kasi zaidi kuvuka hesabu bilioni bilioni moja kwa sekunde, karibu mara bilioni 7 ya Cray-1. Kampuni ya HPE, iliyoinunua kampuni ya Cray mwaka 2019, imeyaacha maneno HPE Cray kwenye jina la muundo wa Frontier. Mwaka 2022 mashine hiyo ilikuwa na vichakataji vya michoro 37,632, na vyote vilipozwa kwa maji.